Naombeni ushauri: nitavaa kilti harusini Uskoti, na maelekezo ya mtandaoni yananitia shaka

Kijana wa Korogwe

Habari zenu wakuu. Nipo Aberdeen kimasomo. Rafiki yangu Mskoti anaoa karibu na Inverness na ameniomba niwe mmoja wa wapambe wake. Wapambe wote tutavaa kilti, ile nguo ya marinda ya wanaume wa huku. Wiki ijayo nakwenda kupimwa kwenye duka la kukodi.

Nikaona nijifunze mapema. Kuna video imetazamwa sana, jamaa anafundisha kwa kujiamini kabisa. Anasema kilti inakaa nyongani kama jinzi, kwa namba ileile ya suruali yako. Pini ichomwe ipite vipande vyote viwili vya mbele ili upepo usifunue. Kamba za viatu zipande hadi katikati ya shavu la mguu. Ukivaa chupi umewatukana Waskoti. Halafu akamalizia kwamba mgeni asiye na ukoo wa Kiskoti hana haki ya kuvaa tartani, yaani kitambaa cha mirabamiraba chenye rangi za ukoo fulani, avae nyeusi tupu.

Hilo la mwisho limeninyima raha. Rafiki yangu amenichagulia tartani ya ukoo wa mama yake mzazi. Naiona ni heshima kubwa. Sitaki kumwaibisha mbele ya wazee wake, wala sitaki kumkatalia kwa maneno ya mtu nisiyemjua. Wenye uzoefu, nisaidieni.

Mnyamwezi Halisi

Mkuu, vaa suti yako safi. Waambie mila zetu haziruhusu, yaishe.

Binti Pangani

Hapana kaka, usimfundishe uongo. Mtu akikuteua usimame naye siku ya ndoa yake, unavaa alichokupangia. Sisi mgeni akija harusini Pwani akavaa kanzu na kofia, wazee wanafurahi, hakuna anayemuuliza ukoo. Kinachowakera ni akivaa hovyo. Kwa hiyo Kijana wa Korogwe, kazi yako ni kuvaa vizuri tu.

Mama Swaumu

Mwanangu, soma taratibu. Nashona na kurekebisha kilti za kukodi hapa Glasgow, na nyingi zinazoletwa kwangu zimechanika zimeharibiwa na mafundisho ya aina hiyo.

Kiuno kwanza, maana kikikosewa hicho hakuna kingine kitakachokaa sawa. Kilti haikai nyongani. Inakaa kiunoni hasa, usawa wa kitovu au juu yake kidogo, na upindo unaishia katikati ya pia ya goti au kwenye ukingo wake wa juu. Urefu wake umekatwa kwa kuhesabu kuanzia hapo kiunoni. Ukiishusha nyongani, upindo unafunika magoti, marinda ya nyuma yanaachama badala ya kulala, na ule mkoba mdogo unaofungwa mbele ya kilti unaning'inia chini mno. Ndiyo maana usiwatajie dukani namba ya jinzi yako. Tepu izungushwe usawa wa kitovu, umesimama wima, unapumua kawaida, tumbo hujalivuta ndani. Wengi hukuta pale pamezidi namba ya jinzi kwa inchi kadhaa, nao hubaki wakidhani fundi kakosea.

Kuvaa sasa. Marinda yanakaa nyuma, sehemu bapa mbele. Wapo wanaogeuza, na kwenye picha za harusi inaonekana milele. Kipande cha ndani kinatoka kulia kwenda kushoto, kikanda chake kinapenya kwenye tundu la ubavuni kushoto na kufungwa kwenye bizimu. Kisha cha nje kinafunika kutoka kushoto kuja kulia, kinafungwa kulia. Matamvua yawe upande wako wa kulia. Ukiyaona kushoto, fungua uanze upya.

Pini ni ya kipande cha nje peke yake, kwenye kona ya chini kulia. Vile vipande viwili vinatakiwa viteleze kila kimoja kivyake unapotembea na unapokaa. Ukivibana pamoja kwa pini, siku ukikaa kwa haraka kitambaa kinachanika, na sufu ikichanika pale mbele hata mimi siwezi kuificha. Upepo usikutishe. Kilti kamili ya kushonewa inakula takriban yadi nane za sufu, zaidi ya mita saba, na nyingi ya hizo ziko kwenye marinda ya nyuma. Uzito wake unaishikilia.

Na chupi vaa. Hiyo ni nguo ya kukodi, imevaliwa na wengine na itavaliwa na wengine baada yako. Hata wachezaji wa ngoma za Nyanda za Juu za Uskoti kwenye mashindano wanatakiwa kwa kanuni wawe na vazi la ndani. Habari za "Mskoti wa kweli havai kitu" ni maneno ya baa. Mlevi akikuuliza, huna wajibu wa kumjibu. Akinyoosha mkono kuifunua, mwambie hapana kwa sauti, na mwite mwenzako. Ni mwili wako.

Mwana wa Kilwa

Naongezea kwenye tartani, maana hapo ndipo kijana anaumia. Nimeoa Edinburgh, nimevaa ya ukoo wa mke wangu mara nyingi, na baba mkwe ndiye aliyenifunga bizimu mara ya kwanza.

Hakuna sheria ya Uskoti inayomkataza mgeni kuvaa tartani ya ukoo. Tena hata huu mpangilio wa kila ukoo na tartani yake si wa kale kama watu wanavyodhani. Baada ya uasi wa 1745 dhidi ya mfalme, Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya 1746 iliyowakataza wanaume na wavulana wa Uskoti kuvaa mavazi ya Nyanda za Juu, kilti ikiwemo, isipokuwa askari wa jeshi la mfalme. Adhabu ya kosa la kwanza ilikuwa miezi sita jela. Sheria ikafutwa 1782. Mwaka 1815 chama cha Highland Society of London kikawaomba machifu walete sampuli za tartani zao, na baadhi yao hawakujua ipi ni yao. Mfalme George IV alipozuru Edinburgh mwaka 1822, katika sherehe alizopanga mwandishi Walter Scott, kila mwenye jina alitaka kuonekana na tartani. Wafumaji wakapata kazi kwelikweli.

Siku hizi kuna rejista rasmi ya serikali, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2008, na wapo wageni na taasisi za nje waliosajili tartani zao humo. Ipo tartani moja ambayo kwa desturi usiiguse: ya Balmoral, ni ya familia ya kifalme. Ambaye hana ukoo kabisa anaweza kuvaa tartani iitwayo Black Watch, inayokubalika kwa wote.

Wewe lakini umepewa na mwenye ukoo kwa mkono wake. Huyo wa video ana kauli gani hapo? Mtafute mama wa rafiki yako kabla ya siku yenyewe, umshukuru kwa kukuruhusu uvae ya kwao. Hilo litamfurahisha kuliko chochote.

Jabali la Njombe

Viatu hivyo vya kamba ndefu havina ulimi. Sokota kamba mbele, zungusha juu kidogo ya kifundo cha mguu, funga mbele au ubavuni. Zikipanda hadi shavu la mguu zitateremka kabla hujafika mlangoni. Soksi zikunjwe chini ya goti, ubaki upana wa vidole vitatu hivi. Vile vitambaa vidogo vya rangi vinavyochungulia chini ya mkunjo viwe upande wa nje wa mguu.

Kijana wa Korogwe

Shikamoo Mama Swaumu. Asanteni sana wote, nimelala vizuri leo. Bado mawili. Kuna kisu kidogo cha soksini, sgian dubh. Nitasafiri kwa treni, sina hamu ya kukamatwa. Pia sijui kukaa na nguo hii kanisani, nitakuwa kiti cha mbele.

Mwana wa Kilwa

Sheria ya Uskoti ya 1995 inatambua vazi la taifa kuwa sababu halali ya kuwa nacho hadharani. Maana yake ukiwa umevaa. Ukiwa na jinzi, usitembee nacho mfukoni. Kiweke ndani ya begi la nguo pamoja na kilti, au mwombe bwana harusi akutunzie. Ukija kupanda ndege, kiweke kwenye begi la mizigo. Vingi vya kukodi ni mpini tu, hakuna chuma, uliza dukani. Kama unatumia mkono wa kulia, kinakaa soksi ya kulia upande wa nje, na kinachoonekana ni ncha ya mpini.

Mama Swaumu

Marahaba mwanangu. Unapokaa, pitisha kiganja nyuma ulaze marinda chini yako, kisha kaa. Magoti yasiachane sana, mkoba utaangukia katikati na utabana kitambaa. Jizoeze nyumbani kwenye kiti kigumu. Wakati wa kucheza, usogeze mkoba pembeni ya nyonga usikupige.

Na huko dukani, ukijaribu ukakuta ni ndefu, kuna muuzaji atakayekwambia ipandishe tu hadi mbavuni. Usikubali. Mwambie akuletee fupi zaidi, na usiondoke hadi upindo umefika kwenye goti na kiuno kiko usawa wa kitovu.