Mjadala: Je, kitisho chaweza kuwa hoja?

Mtoa mada: Mwenyekiti wa kikao chetu aliulizwa kwa nini jumla ya safu ya pili hailingani na ya kwanza, akajibu kwamba anayezitilia shaka hesabu zake akumbuke kuwa mikataba inahuishwa mwisho wa mwezi. Mikono yote ikanyooshwa kumuunga mkono, wangu ukiwamo, na jumla ikabaki vilevile. Wanamantiki huliita kosa hili kwa Kilatini argumentum ad baculum, yaani hoja ya fimbo. Je, kuna wakati fimbo ni hoja halali?

Kalamu Nyeusi: Upo, tena tumelelewa nayo. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu" ni nini kama si kitisho? Na Galileo alichomwa moto kwa kusema tu kwamba dunia hulizunguka jua.

Binti Hoja: Methali zetu ziache, ndugu yangu. Haikusemwa kwamba mkuu ndiye atakayelivunja hilo guu. Imesemwa kwamba aliyetangulia njiani ameliona shimo. Daktari anayekuonya kuwa sigara itakuua hakutishi, kwa sababu madhara yanatoka katika sigara yenyewe, si mkononi mwake.

Msoma Nyaraka: Aliyechomwa moto Roma ni Giordano Bruno, mwaka 1600. Galileo alilazimishwa kuikana kauli yake mwaka 1633, akawekwa kizuizini nyumbani kwake hadi alipofariki mwaka 1642. Ni vigumu kujadili mantiki na mtu asiyetofautisha jivu na kizuizi.

Kalamu Nyeusi: Ahsante kwa somo la historia ambalo sikuliomba. Nawe Binti Hoja, nitajie mkuu mmoja aliyewahi kukuonya juu ya shimo ambalo hakulichimba mwenyewe.

Binti Hoja: Mama yangu. Tafadhali usimjibu yeye.

Mtoa mada: Tuiache methali hiyo, tuitazame nyingine: "Mwenye nguvu mpishe." Imetuagiza kupisha, haikutuagiza kuamini. Galileo alikuwa na sababu nzuri mno ya kupiga magoti, lakini hakupewa hata moja ya kusadiki kwamba dunia imetulia.

Msoma Nyaraka: Basi wewe siku ile ulipisha au uliamini?

Mtoa mada: Nilipisha. Nina kodi ya nyumba.

Msoma Nyaraka: Na kumbukumbu za kikao zimeandika nini?

Mtoa mada: Kwamba hesabu zilithibitishwa kwa kauli moja.