Tupeane uzoefu: kujithamini na faragha mitandaoni

Wa Chumbageni
Msimu wa harusi umeingia, video za singo, mwali anaposuguliwa liwa kabla ya harusi, zimeanza kuzagaa kwenye magrupu. Kila mara nasikia "mwenye kujiamini haogopi kuonekana". Si hivyo. Anayejiona duni huogopa wanayoweka wenzake, anashinda akifuta tagi. Anayejithamini hulegea, anajaza mwenyewe namba ya simu, tarehe ya kuzaliwa, shule ya mtoto. Leteni mnayoyajua.

Binti Pangani
Kweli tupu dada.

Fundi Simu Ngamiani
Kufuta tagi Facebook kunaondoa jina lako, picha inabaki. Ukiwasha ukaguzi wa tagi kwenye mipangilio, unalinda ukurasa wako tu. Rafiki za aliyeiweka wanaendelea kuiona. Stetasi ya WhatsApp, chagua watazamaji kabla hujapandisha. Ukibadili baadaye, iliyokwisha kupanda inabaki na walewale hadi saa 24 zishe. Na ukifunga akaunti Instagram, wafuasi wa zamani hawatoki. Watoe mmoja mmoja.

Mama wa Raskazone
Zimeni tiki za bluu, roho zitulie.

Fundi Simu Ngamiani
Mama, ukizizima huoni tena nani katazama stetasi yako. Na kwenye magrupu zinabaki palepale.

Mama wa Raskazone
Ndiyo dawa yenyewe! Asihesabu.

Mwalimu, Bagamoyo
Sikubaliani, mama. Kipimo cha mwanasosholojia Morris Rosenberg cha 1965, chenye sentensi 10, kinaonyesha mtu anajithamini kiasi gani, hakisemi thamani hiyo kaiegemeza wapi. Aliyeiegemeza kwenye sura na sifa za watu, ukimfichia watazamaji atahesabu laiki.

Binti Pangani
Laiki nazo zinafichika, Instagram wameruhusu tangu 2021. Turudi kwenye singo jamani! Mwali ana kanga moja, liwa mwili mzima, na kila shoga ana simu mkononi. Akijiona duni haombi video ifutwe, anachelea kuitwa mwenye maringo. Kimya chake wanakichukua kuwa ndiyo. Ikishatumwa grupu la tatu, hata aliyeipiga hawezi kuirudisha.

Mama wa Raskazone
Simu zote kapuni, mlangoni.

Wa Chumbageni
Nani atakupa simu yake?

Fundi Simu Ngamiani
Admini anaweza kuifuta kwa wote grupuni, ila aliyekwisha kuihifadhi anayo. Afute mapema.

Mwalimu, Bagamoyo
Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania inatumika tangu Mei 2023, mtajieni anayebisha.

Binti Pangani
Somo wake, yaani kungwi anayemfunda, atangaze kabla liwa halijapakwa: hapigi mtu. Mwali mwenyewe hatasema.