Naombeni ushauri: kuongeza kasi ya prosesa ya Ryzen 3 3200G

Wakuu, naombeni msaada. Natumia Ryzen 3 3200G kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) ya B450, na feni ni ile ile iliyokuja na prosesa. Kasi yake ya kawaida ni GHz 3.6, ikizidiwa hupanda yenyewe hadi 4.0. Mimi nimeilazimisha ibaki 4.0 muda wote kwa viini (core) vyote vinne, volti 1.35. Gemu zikawa laini kweli, nikafurahi, ila baada ya nusu saa joto linafika nyuzi 88 na mashine inajizima. Nishushe volti kidogo kidogo au nianze na feni kubwa? Halafu RAM ninayo moja tu ya GB 8, na kadi ya picha ya pembeni sina, natumia ile iliyomo ndani ya prosesa, inayotumia RAM hiyo hiyo. Pengine kuongeza RAM ya pili kutasaidia kuliko haya yote? Kompyuta ni hii hii moja, sitaki kuiunguza.