Nimeomba kinga ya mgongo ya leveli 2, jamaa kachukua makapeni KAANDIKA 2!

Mkazi wa Kibaha (mleta uzi)

Wakuu, naandika hapa mikono inatetemeka. Nimesimama kivulini Msimbazi, pikipiki sijaiwasha, maana kwa hasira nilizonazo nikiiwasha naweza kwenda kugongana na mwendokasi uso kwa uso.

Mnamjua. Jina sitaji, sina haja. Yule wa fremu ya vifaa vya pikipiki, anayekalia kreti la soda na feni inampuliza yeye peke yake, anayekuita "bosi wangu" kabla hujashusha stendi. Kila mtu aliyewahi kununua saiti mira mji huu ameshapita mikononi mwake.

Nimeenda kununua kinga ya mgongo. Miezi minne najibana. Kila siku ya Mungu natoka Kibaha naingia mjini, malori mbele, malori nyuma, basi la mkoani linakupulizia honi mpaka roho inahama. Mwezi uliopita jirani yangu alidondoka Kiluvya. Mkono mzima, mguu mzima, kichwa kizima. Uti wa mgongo. Mpaka leo mkewe anamgeuza kitandani kama mtoto mchanga. Nikasema mimi sisubiri zamu yangu.

Jamaa akaniambia, "Tuma kwanza hela bosi wangu, mzigo uko stoo." Nikatuma. Laki na ishirini. Mzigo ukaja. Nikaushika, nikauliza kwa adabu zote nilizofundishwa na bibi yangu: "Kaka, hii ni leveli 1 au leveli 2?"

Akaniangalia. Akaiangalia kinga. Akavuta droo, akatoa makapeni nyeusi, ile ya kuandikia maboksi, akang'oa kifuniko kwa meno, AKAANDIKA 2. Mgongoni. Kubwa kama ya jezi. Halafu akaipuliza ikauke. "Haya bosi, leveli mbili hiyo."

AKAIPULIZA IKAUKE, WAKUU!

Fremu nzima ikacheka. Mawinga wakacheka. Muuza kahawa akacheka mpaka akaweka birika chini. Nikamwambia nirudishie hela yangu. Unajua alinijibu nini? "Sasa nimeshaiandika, nitamuuzia nani?"

Leveli siyo mapambo. Kuna kiwango kinaitwa EN 1621-2, cha kinga za mgongo za pikipiki. Wanaipiga kinga kwa kishindo cha juli 50, kama jiwe la kilo 5 likidondoka kutoka mita moja, halafu wanapima nguvu inayopenya kufika upande wa mwili. Wastani ukiwa chini ya kilonyutoni 18 hiyo ni leveli 1. Chini ya 9 ndiyo leveli 2. Nusu! Mgongo unapokea nusu! Na kinga ya kweli ina lebo yake: mchoro wa mtu juu ya pikipiki, namba ya kiwango, leveli, na herufi. FB ni mgongo mzima, CB ni sehemu ya kati, LB ni kiunoni. Inakuambia mpaka urefu wa mgongo unaoufaa, kiunoni hadi begani. Yote hayo jamaa kayafupisha kwa makapeni.

Yenyewe nimeikunja mara mbili kama chapati. Sponji tupu. Kuku akiilalia mayai yanagusa sakafu.

Na nilivyomuuliza ya shingo? Akaniletea kola ya hospitali! Ile ya sponji, ya kubana kwa velikro, anayovaa mtu AMBAYE AMESHAGONGWA! Nikaona niondoke kabla hajaniletea na jeneza.

Kaipuliza kwa mdomo wake. Kama mtoto anapuliza uji.

---

Chuma Chakavu

Namba 2! Hongera kwa usajili mkuu, beki wa kulia alikuwa anahitajika sana dirisha hili.

---

Mama Wawili Kinyerezi

Pole sana kaka yangu. Inauma, hasa kucheka kwa watu. Huyo mtu Mungu anamwona.

---

Gia ya Tatu

Mnamjua, mnamjua, mimi simjui. Taja fremu tujiepushe.

---

Mkazi wa Kibaha

Unamjua. Feni.

---

Gia ya Tatu

AAAH WA FENI! Mkuu huyo kaniuzia cheni na sproketi, nimefika Chalinze cheni imelegea mpaka inasugua lami. Nimemrudia ananiambia nilikuwa nabeba mzigo mzito. Nilikuwa nimembeba mke wangu! Kwa hiyo kanitukana mimi na mke wangu kwa pamoja. Hii ya kwako mbona ndogo.

---

Mkazi wa Kibaha

Ndogo? Cheni ikikatika unasukuma. Mgongo ukikatika nani anakusukuma? Na cheni yako hakuiandika kwa makapeni mbele ya muuza kahawa.

---

Nesi Zamu ya Usiku

Niko wodi ya mifupa, haya mambo nayaona kila wiki, naomba niongee bila utani. Kinga ya mgongo inasaidia pale mgongo unapopiga kitu moja kwa moja: jiwe, ukingo wa barabara, bampa. Ni ya maana, ununue. Lakini uti wa mgongo mara nyingi unaumia kwa kukunjwa na kupindwa mwili unaporushwa, na hapo sahani ya mgongoni haina uwezo mkubwa. Kwa hiyo ukishaivaa usijione umevaa uzima wa milele.

Na jingine, jamani. Mtu akidondoka msimnyanyue mmoja kwapani mwingine miguuni mkamtupia kwenye bajaji! Wengine wanafika kwetu uti wameumalizia waokoaji. Kama hayuko kwenye hatari ya moto au magari, mwacheni alale palepale, mmoja amshikie kichwa na shingo vinyooke, helmeti msiivute kwa nguvu, mtafute gari ambalo ataingia amelala.

---

Mkazi wa Kibaha

Dada asante, hii nitamtumia kila mtu wa kijiwe chetu. Jirani yangu alibebwa kwa bajaji, wawili wamemkunja ili mlango ufunge. Mpaka leo naliwaza hilo.

Lakini aliipuliza, dada.

---

Boda Mwandamizi

Miezi minne unajibana kwa ajili ya sponji? Sisi huku mwaka wa kumi na moja barabarani tuna koti la mvua na Mungu. Hiyo laki na ishirini ni hesabu ya bosi siku ngapi? Watu wa ofisini mkinunua pikipiki mnajifanya mko kwenye mashindano.

---

Mkazi wa Kibaha

Mimi siyo wa ofisini, nasambaza vipuri vya majokofu. Na Mungu hajakukataza kuvaa.

---

Mzee wa Kilima

Vijana, mimi nimeendesha pikipiki za matope Arusha huko enzi nina nywele. Hiyo ya shingo mnayoitafuta siyo kola. Ni kama pete ngumu inakaa juu ya mabega na kifua. Ukidondoka kichwakichwa, ukingo wa helmeti unagota kwenye ile pete, nguvu inahamia mabegani badala ya kuishia shingoni. Ndiyo maana ni lazima uwe na helmeti ya kufunika uso mzima mpaka kidevu. Ukivaa na kofia yako ile ya nusu nazi, hakuna cha kugota, umevaa mkufu.

Iliyofanya zijulikane imetoka Afrika Kusini hapo, na daktari, Chris Leatt. Alianza kuifikiria mwaka 2001 baada ya kushuhudia mwendeshaji mwenzake akifariki, na mwanawe mwenyewe ndiyo kwanza alikuwa ameanza kupanda pikipiki. Inavaliwa zaidi na watu wa motokrosi na enduro, zile mbio za pikipiki za matopeni na porini. Kwa barabara ya lami ya foleni, mimi ningeanza na helmeti nzima, halafu mgongo, halafu ndiyo shingo. Wenye hela wanavaa vizibao vya hewa. Kuna vya kamba: kamba unaifunga kwenye pikipiki, ukirushwa inachomoa pini, chupa ya gesi inajaza kizibao kabla hujafika chini, kinashika mgongo na shingo. MotoGP, zile mbio kubwa za pikipiki za dunia, tangu 2018 hakuna anayeruhusiwa kushindana bila mfuko wa hewa ndani ya suti.

---

Chuma Chakavu

Kizibao cha kamba kwa boda wa Mbagala? Anashuka kudai chenji, kinajaa, abiria anakimbia.

---

Dogo Janja wa Ilala

Mkuu, nenda Karume asubuhi saa kumi na mbili mabelo yakifunguliwa. Yapo majaketi ya pikipiki ya Ulaya, mazito, yana mfuko mgongoni kwa ndani wa kuwekea kinga. Ila ingiza mkono kwanza, mengi mfuko upo kinga hamna, au kuna kile kipande cha sponji jembamba cha kujazia tu. Ukibahatika ya kwenyewe, soma lebo, na ibonyeze: ikiwa imekakamaa na inamomonyoka kama biskuti, achana nayo, imezeeka. Na iwe saizi yako. Ikiwa ndefu, ukikaa kwenye pikipiki inapanda juu inagonga helmeti, kichwa kinasukumwa mbele kama kobe. Mkanda wa kiunoni nao ukaze, kinga inayohama ukidondoka ni kama hujavaa.

---

Mkazi wa Kibaha

Nashukuru mdogo wangu. Jumamosi nitakuwepo.

Ila bado hamjanielewa. Siyo kwamba hana leveli 2. Angesema "sina" ningeelewa, ningemuaga kwa mkono. KAANDIKA. Kamwangalia mtu anayeogopa kupooza, kamwandikia namba!

---

Gia ya Tatu

Ulidai risiti ya EFD?

---

Mkazi wa Kibaha

Nilidai. Akasema mashine haina karatasi.

---

Mama Wawili Kinyerezi

Angeandika kwa makapeni.

---

Gia ya Tatu

Peleka FCC mkuu, ile Tume ya Ushindani, bidhaa bandia na kumlinda mlaji ni kazi yao. Ujumbe wa muamala unao kwenye simu. Mimi cheni yangu niliilipia taslimu, ndiyo maana hadi leo namlaani tu.

---

Binti Tandika

Mimi naomba tuongelee helmeti za abiria. Mnaongelea migongo yenu, sisi abiria je? Unapewa helmeti imevaliwa na watu mia mbili, inanuka kitunguu swaumu na jasho la tangu uhuru, kamba ya kidevuni imefungwa kwa waya. Nikiikataa boda ananiambia trafiki yuko mbele.

---

Boda Mwandamizi

Mnazikataa kwa sababu ya mawigi, siyo harufu. Nimeshanunua tatu mwaka huu, mbili zimeibwa na abiria. Helmeti! Mtu anashuka nayo kichwani anaingia benki!

---

Binti Tandika

Kama ananuka hivyo benki walimruhusu?

---

Chuma Chakavu

Turudi kwenye usajili. Beki wa kulia wa Kibaha ni wa Simba au Yanga?

---

Mkazi wa Kibaha

Uzi huu siyo wa mpira.

---

Mzee wa Kilima

Yanga hawana shida ya beki wa kulia, kijana.

---

Gia ya Tatu

Mzee wewe umeanza vizuri, ukaharibu mwishoni.

---

Boda Mwandamizi

Nikirudi kwenye wigi. Juzi nimembeba dada kutoka Buguruni, kavaa helmeti juu ya wigi, tumefika Tazara helmeti imeruka na wigi yake, imeangukia daladala dirishani. Ananidai elfu themanini. Mimi!

---

Binti Tandika

Si hukumfunga kamba ya kidevuni! Na elfu themanini hiyo ni nusu bei, huyo dada kakuhurumia.

---

Boda Mwandamizi

Nusu bei ya NYWELE?

---

Mama Wawili Kinyerezi

Inategemea kaka, kama ni za Brazili au za kawaida. Zilikuwa rangi gani?