Kuvuka Milima ya Pirenei kwa miguu katikati ya Novemba: ninaomba ushauri kabla sijakata tiketi

Mwalimu Mstaafu, Moshi

Tumsifu Yesu Kristo, na salamu pia kwa wasomaji wasio wa kanisa letu. Mimi ni mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka 61, na mwaka huu ninakusudia kufanya hija ya Mtakatifu Yakobo kwa miguu, nikianzia mji wa Saint-Jean-Pied-de-Port ulioko Ufaransa, nivuke milima hadi Roncesvalles nchini Hispania, kisha niendelee kuelekea Santiago de Compostela kadiri muda utakavyoniruhusu. Ningependa kwenda mwezi Mei kama wengi wanavyoshauri, lakini safari yenyewe imefungamana na mahafali ya mpwa wangu anayesoma huko Ulaya, kwa hiyo siwezi kuanza kutembea kabla ya katikati ya Novemba.

Swali langu linahusu siku ya kwanza. Nimesoma kwamba njia ya juu, ile inayoitwa Njia ya Napoleon, hufungwa kuanzia Novemba 1 hadi Machi 31. Kijana mmoja wa jumuiya yetu ananiambia nisitishike, kwa sababu huko juu hakuna geti wala askari wa kumzuia mtu, na kwamba sehemu ya juu kabisa ni mita 1,430 tu, ilhali lango letu la Marangu, mahali ambapo wageni wanaanza kupanda, liko zaidi ya mita 1,800. Je, kuna ubaya gani nikipita huko endapo siku itaamka vizuri? Na kama haifai, nifuate njia gani, na nijiandaeje nikiwa hapa Moshi ambako baridi yetu kali ni ya Julai, nayo haizidi sweta moja?

Mwongoza Wageni, Marangu

Shikamoo Mwalimu. Nimefanya kazi ya kupandisha wageni mlimani kwa muda mrefu, na hoja ya huyo kijana ndiyo ningependa kuanza nayo, kwa kuwa ni hoja ambayo mtu yeyote wa Kilimanjaro angeitoa na ambayo inaweza kumfikisha mtu pabaya.

Mita 1,430 haziwezi kukuumiza kichwa wala kukukatisha pumzi, na katika hilo amesema kweli. Lakini sisi tumezoea kuupima mlima kwa kimo kwa sababu mlima wetu uko karibu na ikweta. Pirenei ziko takribani nyuzi 43 kaskazini, na mwezi Novemba pepo zinazotoka Bahari ya Atlantiki huzipiga zikiwa zimebeba mvua, na huko juu mvua hiyo hugeuka theluji wakati wowote. Saint-Jean iko karibu mita 170 juu ya usawa wa bahari. Ukichukua kanuni ya kawaida kwamba hewa hupoa kwa takribani nyuzi 0.6 kwa kila mita 100 unazopanda, utaona kwamba ukiondoka mjini kukiwa na nyuzi 10, kule juu utakuta 2 au 3 hivi, kabla hujauhesabu upepo. Nao upepo ndio wenye hesabu mbaya: hewa ya nyuzi 5 ikivuma kwa kilomita 40 kwa saa, ngozi iliyo wazi huihisi kama iko chini ya sifuri. Ongeza nguo zilizolowa, na hapo una mtu anayepoteza joto la mwili pasipo hata punje moja ya theluji kuonekana.

Hapa kwetu nimeona hali hiyo zaidi katika msitu na kwenye nyika kuliko kileleni, kwa watu waliolowa asubuhi wakaona aibu kusimama kubadili nguo. Mtu huanza kwa kutetemeka. Baadaye hujikwaa mahali pasipo na jiwe na vidole vyake hushindwa kufunga zipu. Kisha hunyamaza au huanza kuropoka, na kutetemeka kukikoma wenzake hudhani amepata nafuu. Mlimani kwetu yupo mwongozaji wa kuliona hilo. Wewe utakuwa peke yako, katika njia ya kilomita kama 25 ambayo, ukishapita nyumba za mwanzo, haina kijiji hadi Roncesvalles, tena katika msimu ambao hakuna hujaji mwingine anayekuja nyuma yako.

Kuhusu geti, ni kweli kwamba hakuna ukuta. Lakini amri ya kufunga njia ni ya mamlaka za Navarra, mkoa wa Hispania ambamo njia hiyo inaingia, na anayeivunja hadi akahitaji kuokolewa anaweza kutozwa faini na kudaiwa gharama za uokoaji. Binafsi faini isingenitisha sana; kinachonitisha ni kwamba kikosi cha uokoaji hutembea kwenye ukungu uleule unaotembea wewe.

Hujaji, Njiro, Arusha

Milele amina, Mwalimu. Mimi nilipita huko mwishoni mwa Novemba, kwa hiyo nitakueleza njia ya bondeni, ile ya Valcarlos, ambayo ndiyo inayotumika rasmi wakati wa baridi na ambayo watu huizungumzia kana kwamba ni ya wanyonge, jambo ambalo si sahihi hata kidogo.

Ukitoka Saint-Jean unafuata bonde la mto hadi Arnéguy, ambako ndiko mpakani, kisha unafika kijiji cha Valcarlos baada ya kilomita 12 hivi. Hadi hapo mwinuko si wa kutisha. Kazi iko katika kilomita 12 zinazobaki, kwa kuwa unatoka kwenye mita 365 hivi na kupanda hadi Ibañeta, pito la kuvukia mlima lenye mita 1,057, ndipo unateremka kidogo kuingia Roncesvalles. Baadhi ya vipande viko kando ya barabara ya magari, na vingine vinaingia msituni. Katika vipande hivyo vya msituni majani yaliyopukutika hufunika njia yote hadi kwenye kifundo cha mguu, na chini yake kuna mawe yenye utelezi, mizizi na maganda ya njugu za msituni yenye miiba kama ya nungunungu, hivi kwamba jicho halioni mguu unatua wapi. Nilikuwa nikichomeka fimbo kwanza, kisha ndipo nipige hatua. Siku ya mvua kubwa au ukungu mzito usiingie msituni kabisa. Baki kwenye barabara, tembea upande unaokabili magari, na uvae kizibao cha kung'aa kama cha bodaboda, kwa sababu madereva wa huko hawategemei kumkuta mtu kwenye kona mwezi huo.

Jambo la pili, ambalo sisi tuliokulia huku huwa tunalisahau, ni mwanga. Sisi tumezoea saa 12 za mchana mwaka mzima. Katikati ya Novemba huko jua huchomoza karibu saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi na mbili jioni, na ndani ya bonde lile giza huwahi zaidi kwa kuwa milima hulikinga jua. Kwa hiyo usipange mwendo kwa kilomita, upange kwa saa za mwanga. Ushauri wangu ni uigawe siku hiyo mara mbili: ulale Valcarlos, ambako kuna hosteli ya manispaa kwa ajili ya mahujaji, na kesho yake upande ukiwa na mchana wote mbele yako. Kabla ya kuondoka Saint-Jean pita katika ofisi ya mahujaji mtaa wa Citadelle, wakugongee mhuri wa kwanza katika pasi yako ya hujaji na wakuambie hali ya njia siku hiyo na hosteli zipi ziko wazi, kwa maana nyingi hufungwa majira hayo hadi karibu na Pasaka. Ile ya Roncesvalles hufunguliwa mwaka mzima.

Pale Ibañeta kuna kikanisa kidogo chenye kengele. Zamani watawa walikuwa wakipiga kengele mahali hapo nyakati za ukungu na usiku ili mahujaji wasipotee. Karibu nayo kuna mnara wa ukumbusho wa Roland, yule shujaa wa mfalme Karolo Mkuu aliyeuawa katika milima hiyo mwaka 778. Nilipofika sikuuona mnara wenyewe hadi nilipokaribia kuugusa, na hiyo ilikuwa saa saba mchana.

Katekista, Kibosho

Naomba nitofautiane kidogo na waliotangulia. Hati ya Compostela inayotolewa Santiago hudai angalau kilomita 100 kwa miguu, na ndiyo maana wengi huanzia Sarria, mji ulio umbali kama huo kutoka Santiago. Hakuna mahali Kanisa limeagiza kuvuka Pirenei. Mtu wa miaka 61, peke yake, mwezi huo, kwa nini asipande gari hadi Roncesvalles, ahudhurie misa ya jioni na baraka ya mahujaji, kisha aanze kutembea asubuhi akiteremka kuelekea Pamplona? Tena milima haiishii pale. Mbele kuna Cruz de Ferro yenye mita zaidi ya 1,500, ambayo ni juu kuliko hiyo Njia ya Napoleon, na baada yake O Cebreiro yenye mita kama 1,300, ambazo atazifikia Desemba.

Mwongoza Wageni, Marangu

Katekista ana hoja nzito kuhusu Cruz de Ferro, na Mwalimu aizingatie anapopanga mwisho wa safari. Kuhusu gari, nadhani ni uamuzi wa asubuhi yenyewe. Idara ya hali ya hewa ya Hispania, AEMET, hutoa tahadhari kwa rangi: ikiwa ya njano kwa upepo au theluji, subiri siku moja; ikiwa ya chungwa au nyekundu, panda gari bila kuona haya. Namba ya dharura katika nchi zote mbili ni 112.

Sasa maandalizi. Acha nyumbani fulana zote za pamba, pamoja na jinzi, kwa kuwa pamba ikilowa haikauki wala haikupi joto. Vaa vazi jepesi la sufu au la nailoni mwilini, sweta la sufu juu yake, kisha jaketi la mvua na suruali ya mvua. Soko la Memorial hapo Moshi utapata jaketi zuri la mtumba kwa bei ndogo ukilikagua vizuri: ligeuze ndani nje, utazame utepe uliobandikwa juu ya mishono, na ikiwa umeanza kubanduka liache hata kama nje linang'aa. Kisha mwage kikombe cha maji begani. Maji yakisimama kama matone na kuteleza, chukua. Yakinywewa na kitambaa, rudisha. Nguo kavu za kubadili na soksi za sufu zifungwe ndani ya mfuko wa nailoni katikati ya begi, kwa sababu kifuniko cha begi hupeperushwa na upepo.

Mvua zetu za vuli zitakuwa zimeanza kabla hujaondoka, kwa hiyo zitumie. Panda barabara ya Old Moshi au ya Kibosho ukiwa na begi lenye uzito uleule, siku ya mvua, na uone ni wapi maji yanaingia. Ukiweza kulipia kiingilio, panda kutoka lango la Marangu hadi Mandara, mita 2,720, na kushuka siku hiyohiyo. Miguu yako itapata mazoezi ya kushuka kwenye utelezi, ambako wengi huumia magoti.

Mwalimu Mstaafu, Moshi

Marahaba mwanangu, na asanteni nyote. Nimeamua kufuata njia ya Valcarlos kwa siku mbili, na kuishia León, mji ulio kabla ya milima hiyo, mwaka huu, ili Cruz de Ferro na O Cebreiro nizifuate mwezi wa Mei siku nyingine Mungu akipenda. Katekista, gari la Roncesvalles nitalichukulia kama akiba yangu. Limebaki swali moja dogo: fimbo za kutembelea nibebe kutoka hapa, na je, ni moja au mbili?

Mwongoza Wageni, Marangu

Mbili, Mwalimu, kwa ajili ya magoti. Ukizibeba, ziweke kwenye mzigo wa chini ya ndege kwa sababu ukiingia nazo kwenye chumba cha abiria huenda ukazuiwa. Kama huna mzigo wa chini, nunua Saint-Jean. Ule mpira wa nchani usiuondoe ukiwa kwenye lami, lakini uuvue unapoingia kwenye majani, maana hapo inatakiwa ncha ya chuma.