Mrejesho: koo na vyama kwenye ramani ya Pemba

Ahsanteni sana. Niliuliza namna ya kuweka koo na mafungamano ya kisiasa juu ya ramani ya Pemba bila mistari kugeuka utando wa buibui. Imewezekana, kwa QGIS, programu ya kuchora ramani.

Kilichosaidia zaidi ni majadweli mawili: moja la watu na milango, yaani matawi ya ukoo (kitambulisho, ukoo, na shehia, yaani eneo dogo la utawala Zanzibar), la pili la uhusiano (kutoka, kwenda, aina, mwaka). Ndoa, udugu na uongozi wa chama kila kimoja tabaka lake la ramani. Halafu msichore mtu kwa mtu. Hesabuni viungo baina ya shehia na shehia, unene wa mstari ufuate idadi. Majina ya watu yabaki nje ya ramani.

Msiunganishe majadweli kwa jina la shehia. Kiuyu Mbuyuni iko Micheweni, Kiuyu Minungwini iko Wete. Ukiandika "Kiuyu" tu, ukoo mzima unahama wilaya. Tumieni namba ya shehia.

Ramani za zamani za Arc 1960 (mfumo wa zamani wa kupima mahali) zikisomwa kama WGS 84 (mfumo wa GPS) husogea mamia ya mita, na nyumba ya pwani hujikuta baharini. Kanda ya kuwekea vipimo vya ramani ni UTM 37 Kusini.

Majimbo ya uchaguzi nayo: Zanzibar ilikuwa na 54 mwaka 2015, yakarudi 50 mwaka 2020. Kila uchaguzi na mipaka yake.

Sheha, mkuu wa shehia, nimempa alama ya peke yake, kwani huteuliwa, hapigiwi kura. Ukimchanganya na viongozi wa kuchaguliwa, ramani inadanganya.

Kimebaki kitu kimoja: ukoo usichorewe mpaka wa eneo. Duara kwa kila shehia linatosha.