Ushauri: Mwanangu amepata kiti cha Formula 4 Uingereza, aingie sasa au asubiri mwaka mmoja?

Baba Wawili:
Wakuu habari za usiku. Naenda moja kwa moja maana usingizi wenyewe sina.

Naishi Uingereza, sio mbali na uwanja wa mbio za magari wa Silverstone. Kijana wangu wa kwanza anaendesha gokati tangu akiwa darasa la pili, na sio zile za kukodi kwenye sherehe za watoto, anashindana kitaifa. Mwezi wa pili anatimiza miaka 15, ndio umri wa kuruhusiwa kuingia Formula 4 (F4), ngazi ya chini ya magari ya kiti kimoja kuelekea F1. Kuna timu ilimpa siku ya majaribio, wakamkubali, wakatupa kiti, yaani nafasi ya kulipia ya kuendesha gari lao msimu mzima. Ni cha mwisho na wanataka jibu kabla ya Ijumaa.

Swali langu ni moja: aingie F4 sasa hivi au abaki kwenye gokati mwaka mmoja akomae? Naomba wanaoujua huu mchezo tu. Wale wa "mpeleke akasome" piteni kimya kimya.

Dereva wa Semi:
Mpeleke akasome.

Bi Mkubwa Tandika:
Hongera sana kaka. Mimi nina mdogo wangu naye alipenda magari tangu anatambaa, ukimpa sahani anaigeuza usukani. Mama akasema huyu atatutoa. Leo ana miaka 41, yuko njia ya Gongo la Mboto, gari si lake na hesabu ya tajiri haitimii. Lakini anaipenda kazi yake jamani, ukipanda kwake utajua.

Copse Kulia:
Nipo huku, nimefanya kazi ya matairi kwenye timu za ngazi hizi. Kabla sijakujibu: siku ya majaribio walimfungia matairi mapya saa ngapi? Na walimlinganisha na nani?

Baba Wawili:
Mapya alipewa mwishoni, jioni. Hapo ndipo muda uliposhuka, akawa nyuma kwa sehemu nne tu za kumi ya sekunde kwa kijana wao aliyemaliza msimu mzima. Injinia alinionyesha kwenye kompyuta, mistari miwili ya mwendo imelaliana, wa mwanangu wa bluu na wa mwenzake mwekundu. Akaniambia kwenye breki mtoto ana kipaji cha kuzaliwa.

Copse Kulia:
Huo mstari mwekundu ni wa siku ile ile, au waliutoa kwenye hifadhi yao?

Baba Wawili:
Hilo sikuuliza.

Copse Kulia:
Sasa sikiliza. Sisemi mtoto hana kasi. Nasema ile ni siku ya mauzo. Mtoto anazungushwa na matairi yaliyochoka tangu asubuhi, mzazi kasimama ukutani roho mkononi, ikifika jioni wanafunga mapya, muda unashuka sekunde nzima, mzazi anaona nyota. Na "kiti cha mwisho" kila timu inacho ikifika Desemba. Nimeshashuhudia kiti kimoja cha mwisho kinauzwa kwa wazazi watatu.

Kuhusu umri, 15 sio mapema wala sio kuchelewa. Chukua hawa madereva wa F1: Verstappen F4 hakuiona kabisa, alitoka kwenye gokati 2013, 2014 akaingia F3 ya Ulaya, 2015 yuko F1 na miaka 17. Norris 2014 alikuwa kwenye Ginetta Junior, vile vigari vyenye paa, 2015 ndio akachukua ubingwa wa F4 hapo hapo Uingereza. Njia ni nyingi.

Kinachoumiza ni hesabu. Ngazi ni F4, F3, F2, kisha F1. Leseni ya kuendesha F1 inadai pointi 40 za matokeo ya mashindano ndani ya miaka mitatu. Ukiwa bingwa wa F4 unapata 12. Bingwa wa F3 anapata 30. Pointi 40 kwa mkupuo ni kwa watatu wa kwanza wa F2. Maana yake F4 ni nauli ya kufika kituo cha kwanza tu, na kila kituo nauli inapanda: F3 hesabu zinaanza kusomwa kwa milioni ya yuro, F2 zaidi ya hapo. Mwaka wa pili unalipa nini? Wamekutajia bei gani, na inatoka wapi?

Baba Wawili:
Pauni 280,000. Wikendi 10, mbio 3 kila wikendi. Siku za mazoezi zimo, ajali hazimo. Hela ipo, hilo lisiwape shida.

Dereva wa Semi:
Hizo ni zaidi ya milioni 900 za madafu. "Hela ipo" ya namna gani mkuu? Nieleze taratibu nami niipate.

Mjomba Naivasha:
Boss, leta kijana Kenya aingie rali. Huku McRae Kimathi alifika mpaka Rally Sweden 2022, theluji ambayo hajawahi kuiona akaimaliza. Joginder Singh alishinda Safari mara tatu, Shekhar Mehta mara tano, hakuna aliyepitia hizo F4 zenu. Mimi mwenyewe 1994 nilisimama kando ya barabara nikimwona Ian Duncan akipita, vumbi nililokula siku hiyo nalikohoa mpaka leo.

Baba Wawili:
Asante ndugu, ila yeye ni wa magari ya kiti kimoja.

Copse Kulia:
Umeruka swali. Ajali hazimo, maana yake bawa la mbele likivunjika ni lako, mkono wa tairi ukipinda ni wako. Watoto wa miaka 15 zaidi ya ishirini wanaingia kona ya kwanza pamoja, vitavunjika. Hela inatoka wapi?

Bi Mkubwa Tandika:
Na mama yake mtoto anasemaje?

Baba Wawili:
Mama yake ananiunga mkono. Anajua sehemu kubwa.

Haya, kwa vile mmeng'ang'ania. Kuna nyumba Mbezi Beach. Mteja amepatikana, milioni 650. Inayobaki nakopa huku, mkopo umeshapita.

Kwa Mkapa Jukwaa C:
Ukubwa wa eneo? Ina hati? Nina mteja wa haraka anayelipa vizuri kuliko huyo.

Karani wa Baraza:
Nyumba ina jina la nani?

Baba Wawili:
Ni nyumba ya nyumbani.

Karani wa Baraza:
Sijauliza ni ya nyumbani au ya shambani. Hati ina jina la nani?

Baba Wawili:
La marehemu mzee. Mimi ndiye msimamizi wa mirathi, mahakama ilinithibitisha na ndugu wote walisaini. Dada yangu mkubwa anaishi pale na wanawe, na mdogo wetu yuko Mwanza. Hawajajua bado. Nitawalipa mafungu yao mtoto akipata mdhamini, nimeshapiga hesabu. Na kabla hamjanirukia: ile nyumba nani aliiezeka upya? Ada za watoto wa dada nani alilipa miaka yote? Hakuna aliyewahi kuniuliza hela natoa wapi. Leo nataka kumfanyia wangu kitu kimoja, imekuwa kesi.

Dereva wa Semi:
Duh.

Karani wa Baraza:
Msimamizi wa mirathi sio mmiliki. Kazi yako ni kukusanya mali, kulipa madeni ya marehemu, kugawa kwa warithi, kisha kurudisha mahakamani orodha ya mali na hesabu za mgao. Ukiuza bila wao kujua ukatumia hela, dada yako anaweza kuomba uondolewe, na wewe utadaiwa kutoka mfukoni mwako. Huyo mnunuzi naye anunue kesi. Umeshapokea chochote kwake?

Baba Wawili:
Nusu.

Karani wa Baraza:
Iko wapi?

Baba Wawili:
Timu ilidai malipo ya kwanza kushika nafasi.

Bi Mkubwa Tandika:
Yaani umeshalipa! Sasa ushauri ulikuja kuomba wa nini kaka yangu?

Mlokole Mstaafu:
Wazazi wa siku hizi wanatafuta umaarufu kupitia watoto. Mlisikia ya Billy Monger? Kijana wa miaka 17, F4 hiyo hiyo, uwanja wa Donington, Aprili 2017. Aligonga gari lililosimama njiani, miguu yote miwili ikakatwa. Mungu atusamehe.

Copse Kulia:
Ni kweli, na mwaka uliofuata alirudi akaendesha F3 kwa gari lililorekebishwa kwa ajili yake. Magari ya F4 ya Uingereza tangu 2022 yana halo, lile tao juu ya kichwa. Hatari ipo, lakini hapa mada imeshakuwa nyumba.

Chai ya Rangi:
Wakuu nimekaa naangalia tu mnavyohangaika. Hii ni chai, tena ya maziwa. Kwanza, mtoto hajafika 15, gari la F4 aliendeshaje? Pili, ingieni kwenye nyuzi zake za zamani. Huyu huyu mwaka juzi aliuliza bei ya tofali Goba akasema ni kijana hajaoa, anaanza maisha. Leo ana mtoto wa miaka 14 na mkopo wa Ulaya. Mimi nipo paleee.

Dereva wa Semi:
Nimeingia nimeona. Aisee.

Kwa Mkapa Jukwaa C:
Kwa hiyo nyumba haipo? Nimeshampigia mteja.

Baba Wawili:
Ule uzi wa tofali nilimwandikia shemeji yangu, hana akaunti humu. Asiyeamini asiamini, sijaja kuomba mchango.

Chai ya Rangi:
Shemeji. Sawa. Weka picha ya mkataba, futa majina.

Copse Kulia:
La umri namtetea. Sheria ya miaka 15 ni ya kushindana. Majaribio ya binafsi vijana wa 14 wanafanya, hao hao ndio wanaendesha Ginetta Junior. La tofali simo.

Baba Wawili:
Picha siweki, wametukataza kusambaza. Naandika kipengele ambacho hata mimi kimenikaa kooni: "Malipo ya kwanza hayarudishwi kwa sababu yoyote ile. Dereva akishindwa kulipa awamu inayofuata, timu ina haki ya kumpa kiti mtu mwingine bila kudaiwa."

Karani wa Baraza:
Mtunga chai haandiki kipengele cha namna hiyo. Mpigie dada yako leo, kabla ya awamu ya pili na sio baada.

Chai ya Rangi:
Anaandika. Mbona hata mimi naandika.

Baba Wawili:
Mnaongea kama vile haijawahi kutokea. Wazazi wa Ocon, dereva wa F1, waliuza nyumba wakaishi kwenye karavani, mtoto akafika F1. Baba yake Hamilton alipiga kazi mbili tatu.

Copse Kulia:
Ocon waliuza nyumba yao. Na Hamilton, timu ya F1 ya McLaren walimsaini 1998 ana miaka 13, yuko kwenye gokati, tangu hapo bili kubwa haikuwa ya baba yake. Wewe umetaja waliofika. Drugovich alichukua ubingwa wa F2 2022, Pourchaire akauchukua 2023, wote hawakupata kiti cha kudumu F1. Na hao ni mabingwa.

Kama malipo ya kwanza yameshaenda, waombe wakubadilishie yawe siku za majaribio na nusu ya msimu, timu nyingi zinakubali kuliko kukupoteza. Au muulize kijana kuhusu Formula Ford pale uwanja wa Brands Hatch, mbio za kiti kimoja za ngazi ya chini, gari halina mabawa na gharama ni sehemu ndogo ya hiyo. Nyumba irudi kwa wenyewe.

Baba Wawili:
Formula Ford hakuna mdhamini anayeangalia. Nimewasikia wote, asanteni. Nitaongea na dada, ila baada ya Ijumaa, presha yake huwa inapanda. Nitaleta mrejesho.

Mlokole Mstaafu:
Presha ya dada ndio unaijali leo?

Bi Mkubwa Tandika:
Mkuu, mrejesho? Mwezi wa nne huu. Dada anajua?

Kwa Mkapa Jukwaa C:
Naulizia na mimi.

Dereva wa Semi:
Raundi ya kwanza imeshapigwa Donington. Nimepitia orodha ya madereva jina kwa jina, sijaona Mtanzania.

Chai ya Rangi:
Nilisema.

Copse Kulia:
Unatafuta jina gani? Mtoto hakumtaja, na wengi wa huku wanaendesha kwa bendera ya Uingereza.